Mzazi wa Singapore asemapo "hor" hamharibii mtoto Kiingereza

Mwishoni mwa mwaka 2024, A*STAR, wakala wa utafiti wa serikali ya Singapore, ilitoa programu ya akili mnemba iitwayo MERaLiON, iliyofundishwa kuwasikiliza Wasingapore wanavyozungumza hasa, si wanavyoandika mitihani. Ndani ya mazungumzo hayo imo Singlish, Kiingereza cha mitaani na majumbani kilichochanganyika na Kimalei na lugha za Kichina cha kusini kama Kihokkien na Kikantoni, ambacho alama yake kuu ni vijineno vya kufungia sentensi: "lah", "lor", "leh", "meh", "hor". Jambo la aina hii huwagawa watu makundi mawili. Wako wanaoshangilia kwamba serikali iliyowakemea raia wake kwa robo karne sasa imesalimu amri, na wako wanaosikitika kwamba kilichopaswa kutolewa vinywani mwa watoto kinaingizwa hata kwenye mashine. Naona wote wanatazama pasipo. Hatima ya vijineno hivi haiamuliwi ofisini wala maabara. Inaamuliwa mezani, pale mzazi anapomlisha mtoto wa miaka 2 na kuzungumza naye bila kujisikiliza. Na hapo, hoja yangu ni kwamba vijineno hivyo si uchafu ulioganda juu ya Kiingereza. Ni sehemu ya usemi inayomwonyesha mtoto nani anajua nini, nani mwenye uamuzi, na ni wapi anaruhusiwa kubisha. Anayetaka viondolewe masikioni mwa watoto ana deni la kutuambia kazi hiyo itafanywa na nini.

Ili kuielewa hofu iliyopo, inabidi turudi nyuma. Singapore ilipotengana na Malaysia mwaka 1965 ilibaki na lugha rasmi 4: Kimalei, ambacho ndicho lugha ya taifa, Kimandarini, Kitamil na Kiingereza. Kiingereza kilichaguliwa kuwa lugha ya kazi na ya kuziunganisha jamii ambazo hakuna hata moja iliyoweza kudai kuwa ni chake, na kufikia 1987 shule zote zilikuwa zikifundisha kwa Kiingereza, huku kila mtoto akijifunza pia "lugha mama" aliyopangiwa kwa kufuata asili ya wazazi wake. Neno "mama" hapo halikuwa na maana yake ya kawaida. Mtoto wa Kichina alipangiwa Kimandarini, ilhali mama yake na bibi yake nyumbani walisema Kihokkien, Kiteochew au Kikantoni. Kampeni ya kuhimiza Kimandarini ilianza 1979, na redio na televisheni zikaacha hatua kwa hatua kutangaza kwa lugha hizo za mabibi. Miaka 20 baadaye ikawa zamu ya Singlish. Mwaka 1999 Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, aliieleza kuwa ni kikwazo asichowatakia Wasingapore, na mwaka huohuo Waziri Mkuu Goh Chok Tong, katika hotuba yake ya sikukuu ya taifa, akamgusa Phua Chu Kang, mkandarasi wa vichekesho vya televisheni ambaye watoto walikuwa wakimwiga kila kukicha. Watengenezaji wa kipindi wakakubali kumpeleka darasani akajifunze Kiingereza. Si mara nyingi mtu wa kubuni hupelekwa shule kwa sababu waziri mkuu kamlalamikia. Mwaka 2000 ikazinduliwa rasmi kampeni ya Kiingereza sanifu.

Sasa tazama kilichotokea majumbani. Sensa ya 2020 ilionyesha kwamba asilimia 48.3 ya wakazi wenye umri wa miaka 5 na zaidi husema Kiingereza kuliko lugha nyingine yoyote nyumbani, kutoka asilimia 32.3 mwaka 2010. Katika kipindi hichohicho Kimandarini kilishuka kutoka asilimia 35.6 hadi 29.9, na lugha nyingine za Kichina, zile za mabibi, kutoka 14.3 hadi 8.7. Takwimu hizi husomwa kama ushindi wa Kiingereza, na hapo ndipo upotofu unapoanzia, kwa kuwa karatasi ya sensa haina kisanduku cha Singlish. Mama anayemwambia mwanawe "Faster lah, later bus go already" amehesabiwa kuwa msemaji wa Kiingereza sawa na mhadhiri anayesoma hotuba. Kilichoongezeka nyumbani si Kiingereza cha vitabu peke yake. Kimeongezeka pamoja na vijineno vyake, na safari hii havisemwi tena na wachuuzi sokoni na vijana jeshini tu. Vinasemwa na wazazi kwa watoto ambao hiyo ndiyo lugha yao ya kwanza kabisa.

Asili ya vijineno hivyo ina kinaya ndani yake. Mwanaisimu Lisa Lim alionyesha mwaka 2007 kwamba havikuingia vyote kwa pamoja. Vile vya zamani, kama "lah" na "ah", vina mizizi inayobishaniwa kati ya Kimalei na Kihokkien, ilhali "hor", "leh", "lor" na "meh" vilikuja baadaye kutoka Kichina cha kusini, Kikantoni hasa, na vilikuja na toni zake. "Meh" husemwa kwa sauti ya juu hata na Mmalei au Mtamil ambaye hajui neno jingine lolote la Kikantoni. Maana yake ni kwamba baada ya lugha za mabibi kuondolewa redioni na shuleni, mabaki yao yalijibanza mwishoni mwa sentensi za Kiingereza, na humo yakawapata wajukuu. Kuhusu "lah" yenyewe, anayetaka kuifuta ana kazi ya ziada: Kimalei kina kiambishi "-lah" cha kutia mkazo, na wimbo wa taifa ambao watoto huuimba shuleni kila asubuhi unaitwa "Majulah Singapura". Kwa Kiswahili cha karibu ningesema ni "Songa mbele basi, Singapore".

Siku moja niliketi katika kituo cha vibanda vya chakula huko Toa Payoh, mtaa mmoja wa Singapore, meza moja na mama aliyekuwa akimlisha mwanawe uji wa mchele wenye vipande vya samaki. Mtoto alikuwa na miaka 3, pengine 4. Mama alichota kijiko, akakigusisha mdomoni mwake mwenyewe, akasema, "Hot, hor?" Mtoto akaitikia, "Hot." Mama: "Blow first, hor." Mtoto akapuliza kwa nguvu zote, uji ukatapakaa mezani. "Aiyo, I say slowly what." Mtoto akageukia bakuli langu lenye mipira ya samaki: "Want that leh." Mama: "Finish this one first lah." Nilipomaliza mpira wa mwisho mtoto akanyamaza, akilitazama bakuli, na mama akamwambia kwa upole, "No more already lor."

Hebu jaribu kuvibadilishana nafasi vijineno hivyo, utaona kazi yake. "Hot, hor?" humwalika mtoto akubali jambo ambalo mama anadhani wote wawili wanalijua, ni "moto, ee?" yetu. Angesema "Hot meh?" angekuwa anatia shaka: "kwani ni moto?" Angesema "Hot what", angekuwa anamrudi mtu aliyesahau jambo lililo wazi: "si ni moto!" Ile "what" ya "I say slowly what" haiulizi chochote, na anayeisikia kama neno la kuuliza la Kiingereza amepotea njia, ni "si" yetu ya "si nilikuambia polepole". "Leh" ya mtoto ni ombi linalojua kwamba huenda likakataliwa, "lah" ya mama inafunga mjadala bila kugomba, na "lor" inasema ndivyo ilivyo, hatuna la kufanya, ni "ndiyo hivyo tena". Kiswahili huvitanguliza vingi vya aina hii, kwani, si, mbona, eti, hebu, na Singlish huvifungia mwisho, lakini mwenye kukulia ndani ya Kiswahili hahitaji kuelezwa kwa kirefu tofauti ya "hujala?" na "kwani hujala?" Tena mzazi wa Nairobi anayemlea mtoto kwa Kiingereza humwambia "Si I told you" na "Kwani you're not eating?" bila kuhisi kwamba ameharibu kitu, kwa kuwa Kiingereza chenyewe hakikumpa neno fupi la kufanya kazi hiyo.

Kwa mtoto mdogo, kazi hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Majina ya vitu mtoto huyajifunza kwa kuonyeshwa kwa kidole: huyu paka, hiki kijiko. Lakini huwezi kumwonyesha kwa kidole kwamba mwenzake hajui jambo, au anajua na anajifanya hajui, au ana hakika nusu tu. Mambo hayo yamo ndani ya vichwa, na vijineno ni miongoni mwa njia chache ambazo lugha huyaleta nje yakasikika. Pia vimekaa mahali panapomfaa mwanafunzi wa umri huo. Mwanasaikolojia wa lugha Dan Slobin aliandika mwaka 1973 kwamba watoto huelekea kuzingatia zaidi miisho ya maneno, na kijineno cha Singlish ndicho sauti ya mwisho kabla ya kimya, kimebeba toni, kinarudiwa mara nyingi kwa siku. Singapore haiko peke yake katika hili: watoto wa Kijapani huanza kutumia "ne" na "yo" mapema mno, wengi kabla ya kutimiza miaka 2, na Japani hakuna anayewaita mama hao waharibifu wa lugha. Anthea Fraser Gupta, aliyewachunguza watoto wa Singapore na kuchapisha matokeo yake mwaka 1994, alionyesha kwamba Kiingereza hicho cha nyumbani kina kanuni ambazo mtoto huzijifunza kama kanuni, na katika kazi nyingine alivipanga vijineno kwa ngazi, kutoka vya kukanusha hadi vya kuuliza kwa tahadhari. Hivi karibuni watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang wamewarekodi wazazi wakiwa nyumbani wakiwasimulia watoto wao kitabu cha picha kisicho na maandishi. Naipenda mbinu hiyo, kwa sababu kitabu chenye maandishi kingempa mzazi Kiingereza cha mwandishi, lakini picha tupu humlazimisha atoe chake.

Miongoni mwa hoja za wapinzani, iliyo dhaifu kabisa ni ile isemayo kwamba "lah" na wenzake hawana maana, ni mazoea tu ya mdomo, kwa hiyo kuwaondoa hakumpotezei mtoto kitu. Kama zingekuwa hazina maana, mtu angeweza kuzikosea bila kuchekwa. Mgeni anayepachika "lah" kila mahali ili kuonekana mwenyeji hugunduliwa mara moja, na hugunduliwa hata na watoto. Kitu kinachoweza kutumiwa vibaya kina kanuni, na chenye kanuni kina maana. Jamaa yake hoja hiyo ni ile isemayo kwamba mtoto aliyelelewa kwa vijineno hatasoma vizuri. Mwaka 2021, katika upimaji wa kimataifa wa PIRLS wa kusoma kwa watoto wa darasa la 4, Singapore iliongoza kwa alama 587. Mwaka 2022, katika PISA, upimaji mwingine wa kimataifa, wa vijana wa miaka 15, iliongoza tena katika kusoma kwa alama 543. Sidai kwamba "lah" ndiyo iliyowapa ushindi huo. Shule zao, masomo ya ziada ya kulipia na wasiwasi wa wazazi vina sehemu kubwa. Nasema tu kwamba kama vijineno vingekuwa sumu, kizazi kilichovinyonya pamoja na maziwa kisingesimama hapo.

Hoja yenye uzito ni nyingine, nayo inahusu tabaka. Watu wanaoitetea Singlish hadharani, wakiwamo washairi na wahadhiri, wana Kiingereza sanifu mfukoni. Wanaposema "lah" wamechagua. Mtoto wa dereva ambaye wazazi wake wana Singlish tupu hachagui. Anaposikia Kiingereza rasmi kwa mara ya kwanza mbele ya mwalimu, anakutana nacho kama mgeni, na baadaye kwenye usaili wa kazi tofauti hiyo itahesabiwa dhidi yake. Hii ni kweli, na mtetezi yeyote anayeiruka hasemi ukweli wote. Hata hivyo tazama vizuri inachodai: mtoto huyo amepungukiwa na Kiingereza cha pili, hajazidishiwa cha kwanza. Tiba ya upungufu ni kuongeza. Bodi ya Maktaba ya Taifa ina mpango wa kidsREAD ulioanza 2004, ambao watu wa kujitolea huwasomea vitabu kwa sauti watoto wa familia zenye kipato kidogo, na hiyo ni njia ya kuongeza. Ukimwambia mama huyohuyo aache vijineno, matokeo yake ni kupunguza. Hatapata Kiingereza kingine cha kuziba pengo. Atasema maneno machache zaidi, makavu zaidi, akiwa na hofu ya kukosea mbele ya mwanawe mwenyewe. Na mtoto wa miaka 2 anahitaji wingi wa mazungumzo ya mtu asiyejishuku.

Sina subira zaidi na upande wa pili, ule unaoigeuza kila "lah" kuwa bendera. Mama wa Toa Payoh hakusema "hor" kwa uzalendo. Alitaka mtoto apulize uji. Ukiisifu Singlish kama kitambulisho cha taifa, unaishia kuiweka kwenye fulana na vikombe vya watalii, na bado hujaeleza kwa nini mzazi alichagua "lor" na si "lah" kumwambia mtoto kwamba chakula kimekwisha. Utambulisho ni tunda la baadaye. Mtoto wa miaka 2 hajui kwamba ana taifa. Zaidi ya hayo, sherehe hiyo huficha hasara iliyo halisi, yaani zile namba za sensa zinazoshuka. "Meh" yenye toni ya Kikantoni si Kikantoni. Mjukuu anayeisema bila dosari huenda asiweze kumuuliza bibi yake alilalaje. Kwa wazazi wa Kimalei na Kitamil jambo hili ni nyeti zaidi, kwa kuwa lugha zao bado zinaweza kupitishwa nyumbani nzima, si vipande. Kama kuna wasiwasi wa kubeba nyumbani, ningeubeba huo, na ningewaachia wazazi "hor" yao.

Yapo matokeo ya vitendo ambayo mjadala wa bendera na sumu hauyafikii. La kwanza linahusu wapimaji wa usemi wa watoto. Vipimo vingi vinavyotumika duniani kumpima mtoto anayechelewa kusema Kiingereza vilisanifiwa kwa watoto wa Marekani au Uingereza. Humo mtoto hupata alama kwa wingi wa maneno na kwa viambishi vya wakati, na asiyesema "-ed" hukatwa. Hakuna mahali pa kumpa alama mtoto wa miaka 3 aliyetofautisha "what" na "meh", ingawa kwa kufanya hivyo ameonyesha kwamba anajua mwenzake anaamini nini na anaweza kulipinga kwa kiasi anachotaka. Mpimaji asiyevisikia vijineno anaweza kumwona mtoto mwenye afya kuwa ana kasoro, na kwa upande mwingine anaweza kumpita mtoto ambaye kweli ana shida, yule anayetaja vitu vyote kwa majina lakini hatumii kijineno hata kimoja katika nyumba inayovisema kutwa. La pili linawahusu walimu wa chekechea. Mtoto akisema "Teacher, he take my one leh", mwalimu anaweza kumpa sentensi rasmi ya kuongezea, lakini kwanza ajibu lile ombi lililomo ndani ya "leh", kwa kuwa ndilo alilokuja nalo. La tatu ni la wanaotengeneza mashine kama ile niliyoanza nayo. Kuitambua "lah" na kuiandika ni hatua ya mwanzo na iliyo rahisi. Mama anapochagua kijineno amekwisha kupima mtoto anajua nini, ana njaa kiasi gani, na kama leo ni siku ya kubembeleza au ya kukata shauri. Na hayo hayamo kwenye sauti iliyorekodiwa.

Ile siku ya uji haikuishia kwenye bakuli tupu. Zilibaki vijiko viwili vitatu, mtoto akafunga mdomo na kuanza kuteleza kutoka kitini. Mama akatumia silaha ambayo wazazi wengi wa huko wanayo, akanielekezea kidevu mimi nisiyemjua, ambaye kwa adabu ya kwao nilikuwa tayari ni mjomba: "Later uncle scold you ah." Nikakunja uso kadiri nilivyoweza. Mtoto alinitazama usoni, akamtazama mama yake, akanirudia tena kwa utulivu wa hakimu, kisha akamuuliza mama, sauti ikipanda pale mwisho mahali panapostahili: "Uncle scold meh?" Uso ulinishinda, nikacheka, na mama akakosa la kusema.